Umebakiza Mara Moja

"Imeshindikana. Jaribu tena baadaye."

Koplo Mathew aliyasoma maneno hayo kwa sauti kutoka kwenye kioo cha kompyuta, kisha akaegemea kiti na kukunja mikono. Nyuma yake Inspekta Dorkasi Mbelwa, mwenye kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, alichora kistari cha sita katika daftari lake na kuandika saa pembeni: tatu na robo asubuhi, Alhamisi.

"Baadaye yao ni lini?" aliuliza.

"Hawasemi, afande."

"Ya kwetu ni kesho saa nne."

Kesho saa nne jalada la Ayubu Mwinchande lilitakiwa liwe mezani kwa wakili wa serikali. Ayubu alikuwa mnasa sauti wa miaka thelathini na minne, mtu wa kwenda kwenye maharusi na maulidi kunasa ngoma na kaswida, na tangu Jumapili alikuwa mahabusu. Alituhumiwa kuichoma moto studio ya Zabron Shemdoe, pale Chumbageni, Jumamosi saa kumi alasiri. Wawili hao waliwahi kushirikiana kwa miaka saba, mpaka Zabron alipoondoa jina la Ayubu kwenye kazi zote walizonasa pamoja. Baada ya hapo Ayubu alisema barazani, mbele ya watu wasiopungua kumi, kwamba studio ile haitafika mwisho wa mwaka. Mlinzi wa studio, mzee Yona, aliungua mikono yote miwili akijaribu kuokoa vifaa vya tajiri. Alimwona mtu akiruka ukuta wa nyuma, mrefu, mgongo tu.

Mkuu wa Dorkasi aliona hayo yanatosha. Dorkasi aliona hayatoshi, kwa sababu Ayubu alikuwa na jibu. Saa hiyo, alisema, alikuwa Moa, karibu na mpaka wa Kenya, mwendo wa zaidi ya saa moja kutoka mjini, amekaa chini ya turubai ananasa dufu za wanaume kwenye harusi. Simu ya kazi alikuwa nayo mkononi mwanzo mpaka mwisho. Alichokinasa alikipandisha palepale kwenye Kasha, maktaba ya muziki ya mtandaoni ambamo wanamuziki wengi wa Tanga wanahifadhi kazi zao, maana simu hujaa na flashi hupotea. Tena akatoa neno la siri la akaunti yake kabla hajaombwa. Dorkasi alikwishahoji waongo wa kutosha, na hakumkumbuka hata mmoja aliyefanya hivyo.

Faili lilikuwepo kweli. Liliitwa "Harusi Moa", lilianza kunaswa Jumamosi saa kumi kasoro dakika tano, urefu wake dakika thelathini na tisa. Tatizo lilikuwa kulisikia. Lilikuwa faili ghafi, na Kasha inahifadhi mafaili ya namna hiyo lakini haiyachezi. Sharti uyashushe kwanza kwenye kompyuta. Simu ya Ayubu nayo, iliyolala kwenye bahasha ya vielelezo, ilikuwa imewekwa ijisafishe kila inapomaliza kupandisha kitu. Kwa hiyo ushahidi wote wa kumwokoa mtu ulikuwa juu huko, unaonekana jina na urefu, na ngazi ya kuufikia hakuna.

"Twende hatua kwa hatua," Dorkasi alisema. "Umejaribu nini mpaka sasa?"

Mathew alikuwa kijana wa Mbeya aliyependa kuulizwa swali hilo. "Nimebadilisha mtandao. Kwanza wa ofisi, kisha wa simu yangu. Nimebadilisha programu ya kufungulia. Nimefuta kumbukumbu zote za zamani. Nafasi kwenye kompyuta ipo tele. Nimejaribu kompyuta ya masijala pia."

"Na majibu?"

"Yaleyale."

"Shusha faili jingine la Ayubu. Lolote."

Mathew alibonyeza la juu yake, kwaya fulani ya Muheza ikiimba Pasaka. Liliteremka lote kabla Dorkasi hajamaliza chai. Wakajaribu la pili, la tatu. Yote yalishuka bila matata.

"Basi si mtandao," Dorkasi alisema, "wala si kompyuta, wala si akaunti. Ni faili hili moja. Na faili haliumwi lenyewe tu siku tunayolihitaji."

Mlango uligongwa. Askari wa zamu ya kaunta alichungulia na kusema mke wa mahabusu ameleta chakula. Dorkasi alitoka kwenda kutia sahihi daftari la kupokelea. Mastura alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka ishirini na kitu, mwenye baibui jeusi, ameshika kikapu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

Aliweka kikapu juu ya kaunta, akasubiri kikaguliwe huku Ayubu akipitishwa nyuma ya kaunta kwenda msalani, akashukuru na kuondoka. Dorkasi alibaki akimtazama mpaka alipotoka getini. Jumatatu mwanamke huyu aliuliza mara tatu ni lini watasikiliza harusi ya Moa, mpaka askari wa kaunta akamjia juu. Leo hakuuliza kitu. Dorkasi aliandika hilo pia.

Aliporudi alimkuta Mathew amesimama.

"Nimepata, afande. Tumeingiliwa." Alionyesha ukurasa wa kumbukumbu za akaunti, unaoorodhesha kila kifaa kilichoingia na nchi kilikotokea. "Ona. Jumamosi, saa kumi na moja kasoro dakika ishirini, kifaa kimoja kimepandisha faili hili. Nchi: Kenya. Ayubu hajatoka nje ya nchi. Kuna mtu Mombasa amelipata neno lake la siri, ameingia, ameweka kitu kibovu. Ndiyo maana halishuki."

Dorkasi alivaa miwani na kusoma mstari huo taratibu. Lilikuwa wazo zuri, na kwa dakika mbili alilipa heshima yake.

"Kifaa chenyewe ni kipi?"

"Simu. Ya aina hii..." Mathew alisita, akavuta bahasha ya vielelezo na kulinganisha namba iliyoandikwa juu yake. Uso ukamshuka. "Ni simu yake yeye."

"Umewahi kufika Moa?"

"Bado."

"Mimi nilikaa kituo cha huko mwaka mzima. Ukipanda kwenye kichuguu ukampigia mama yako, unakatwa gharama za nje ya nchi. Minara ya upande wa pili ina nguvu kuliko ya kwetu. Simu za watu wa Moa zinalala Tanzania na kuamka Kenya kila siku." Alikaa. "Hakuna mwizi wa Mombasa, Mathew. Ila kuna jambo jema hapa. Simu ya Ayubu ilikuwa Moa kweli."

Ilikuwa habari kubwa, na Mathew aliipokea kwa kucheka mwenyewe. Dorkasi hakucheka. Simu kuwa Moa ni jambo moja, mwenye simu kuwa Moa ni jingine. Jumanne alimpigia baba wa bwana harusi, na mzee yule akamjibu kwa upole mwingi: "Watu wa Ayubu walikuja, mwanangu, wakanasa vizuri, wakala wakaondoka. Nani na nani alikuwepo, wallahi watu walikuwa wengi mno." Wakili wa serikali asingekubali jibu la namna hiyo. Angekubali faili, endapo ndani yake mnasikika sauti ya Ayubu akisalimiana na watu.

Saa nne kasorobo Mathew alipiga simu kwa huduma ya wateja ya Kasha. Alisubiri dakika kumi na saba akisikilizishwa muziki, jambo alilolalamikia kwa askari wenzake wiki nzima iliyofuata. Hatimaye alijibu dada mmoja aliyejitambulisha kwa jina la Anastazia. Mathew alimweleza shida na kuiweka simu kwenye spika.

"Hilo faili si bovu, kaka," Anastazia alisema baada ya kitambo. "Limefungwa. Mafaili ghafi tunaruhusu yashushwe mara mbili tu, kompyuta yoyote iwayo. Ni kuwalinda wanamuziki, watu wasifanye duka la kazi ya mtu. Hili limeshashushwa mara mbili."

Dorkasi aliinamia simu. "Lini?"

"Jumanne hii. Mara ya kwanza saa nne na dakika kumi asubuhi. Mara ya pili saa nne na dakika hamsini na mbili. Kompyuta ni moja, imejiandikisha kwa jina la Semeni Steshenari namba mbili."

"Mtu akishusha mara ya kwanza, anaambiwa kwamba ipo mara moja tu iliyobaki?"

"Anaambiwa. Yanatokea maandishi mekundu: umebakiza mara moja."

"Mnaweza kulifungua tena?"

"Mwenye akaunti akiomba, na akithibitisha kwa ujumbe tunaomtumia kwenye simu. Siku saba za kazi."

Dorkasi alimshukuru na kukata. Kisha aligeuza daftari upande usioandikwa na kuchora mstari mfupi, akaweka dakika kumi mwanzoni na hamsini na mbili mwishoni.

"Dakika arobaini na mbili," alisema. "Faili lina dakika thelathini na tisa. Toa mbili tatu za kulishusha."

"Alilisikiliza lote," Mathew alisema.

"Akalisikiliza lote, ndipo akashusha mara ya pili. Analo tayari, mara ya pili ya nini?"

Mathew alifikiri. "Ili isibaki hata moja."

"Ndiyo. Huu si ubovu wa mitambo. Mtu amefunga mlango, na aliufunga baada ya kusikia kilichomo. Nani mwingine analijua neno la siri?"

Walikwenda kumuuliza mwenyewe. Ayubu alitolewa chumba cha mahabusu na kukalishwa kwenye benchi la chumba cha mahojiano. Alikuwa mrefu, mchangamfu hata pale, na alimsalimu Dorkasi kabla hajaketi.

"Mmelisikiliza, afande?"

"Bado. Neno la siri wanalijua akina nani?"

"Mimi, mke wangu, na dada yangu Khadija. Khadija hunisaidia kupanga kazi."

"Jumamosi simu ulimwachia mtu?"

"Hapana."

"Hata ulipokwenda kula?"

"Hata nilipokwenda kula. Nimeshaandika hivyo na nimetia sahihi. Kwani kuna nini?"

"Kuna mtu amelishusha faili mara mbili Jumanne."

Ayubu alitazama mlango, kisha akamtazama Dorkasi. "Zabron," alisema. "Anataka nifungwe."

"Zabron ana neno lako la siri?"

"Zabron anaweza lolote."

Dorkasi aliandika jibu hilo kama lilivyo na kumrudisha.

Semeni Steshenari iko Mabawa, na kila mtu wa Mabawa aliyewahi kuomba kazi anapafahamu. Nje pana kibao kilichoandikwa kwa mkono: fotokopi, picha za pasipoti, maombi ya ajira, kadi za harusi, tunachapa haraka. Ndani mna kompyuta mbili, mashine ya fotokopi yenye kishindo, na bi Semeni mwenyewe, karani mstaafu wa shule, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni.

"Shikamoo, mama," Dorkasi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Mnachapisha?"

Dorkasi alijitambulisha, akaonyesha kitambulisho na kueleza anachotafuta. Bi Semeni hakushtuka. Alizima mashine kwanza, ili wasikilizane.

"Jumanne namkumbuka. Mwanamke, kijana, mwembamba, baibui jeusi. Alikaa hiyo namba mbili. Akaniomba spika za masikio, nikampa zangu."

"Alikuwaje?"

"Alipoingia alikuwa na furaha. Ananiambia, mama, nimekuja kumchukulia mume wangu dawa yake. Nikadhani karatasi za hospitali. Akasikiliza kitu, mwanzoni anatabasamu peke yake. Halafu nikamwona hatabasamu tena. Akakaa hivyohivyo mpaka mwisho. Akabonyezabonyeza, akatia kwenye flashi, akachomoa, akaondoka. Hata kuniaga hakuniaga."

"Mastura," Mathew alisema chinichini.

Dorkasi alikuwa ameketi tayari mbele ya kompyuta namba mbili. "Mama, wateja wakishusha kitu hapa kinakwenda wapi?"

"Humo humo kwenye pochi ya kompyuta. Wao hudhani wakichomoa flashi wameondoka na kila kitu. Nina vyeti vya nusu ya Mabawa humo ndani, mwanangu. Nasema nitafuta, kazi hainipi nafasi."

Mathew alifungua sehemu ya vilivyoshushwa. Barua za maombi ya ualimu, vyeti vya kuzaliwa, kadi ya kipaimara, picha za mgombea wa serikali ya mtaa, mkataba wa kupanga chumba. Katikati ya lundo hilo yalikuwepo mafaili mawili yamefuatana, la pili na tarakimu moja kwenye mabano: Harusi Moa. Harusi Moa (1).

Mwanamke yule alikuwa amefunga mlango kwa makomeo mawili na kuliacha dirisha wazi, kama wateja wote wa bi Semeni. Dorkasi alimwambia Mathew aandike muda, jina la kompyuta na ukubwa wa mafaili kabla ya kugusa chochote. Alipomaliza akamwambia alicheze.

Vigelegele vilijaa kile chumba. Kisha wimbo, sauti nyingi kwa pamoja, makofi, kicheko, na kwa mbali dufu zikipigwa.

"Harusi ndiyo hii," Mathew alisema. Alikuwa anatabasamu waziwazi. "Tarehe ile, saa ileile. Ameokoka, afande."

Dorkasi alifurahi. Kwa siku nne alikuwa akibishana na mkuu wake juu ya mtu huyu, na mbele ya wenzake wawili alikwishaambiwa kwamba huruma ya kike haijengi kesi. Alijiona akiingia ofisini kesho saa mbili, kabla ya jalada kupelekwa, na kuiweka kompyuta mezani bila kusema neno.

Mkono wa bi Semeni ulipita kati yao na kupunguza sauti mpaka ikabaki mnong'ono.

"Hiyo hamuifungulii mlango wazi," alisema. "Na wewe, baba, samahani, lakini hiyo wewe huisikilizi."

"Kwa nini, mama?" Dorkasi aliuliza.

"Kwani ninyi si watu wa hapa?"

"Mimi wa Lushoto, Mlalo. Yeye wa Mbeya."

"Ndiyo maana." Bi Semeni alivuta kigoda. "Hiyo ni singo. Bi harusi anasingwa, anasuguliwa mwili mzima kwa liwa na marashi, na huku anafundwa kwa nyimbo. Anafundwa ya ndani, ya mume na mke. Chumba kile haingii mwanamume. Haingii baba yake, haingii kaka yake, seuze mnasa sauti."

Mathew alikuwa ameacha kutabasamu. Dorkasi alinyoosha mkono kwa ajili ya spika za masikio, akazivaa na kurudisha faili mwanzo.

"Huenda alisimama dirishani," alisema, zaidi kwa kujipinga mwenyewe.

"Sikiliza hizo dufu," bi Semeni alijibu. "Ziko wapi?"

Dorkasi alisikiliza. Dufu zilikuwa mbali, upande wa pili wa ukuta. Karibu kabisa palisikika maji yakimiminwa kwenye sinia, na msichana akisema polepole kwamba inamuuma. Dakika ya nne mwanamke mzima aliacha kuimba na kusema: "Dada wa simu, sogea kidogo, unamkanyaga bi harusi." Sauti ya kike, iliyo karibu kuliko zote, ikajibu: "Samahani, kungwi."

Alizivua spika.

"Labda alimpa dada huyo simu," Mathew alisema, "yeye akabaki kwenye turubai na wanaume wenzake."

"Angetuambia hivyo. Ametuambia mara tatu, na mara ya mwisho ni leo saa nne, kwamba hakuiachia." Dorkasi alijisikia mchovu, na aliona aibu kidogo kwa furaha yake ya dakika mbili zilizopita. "Alimtuma mtu Moa na simu yake na akaunti yake, ili ionekane ni yeye. Akatuma mwanamke. Turubai la wanaume mwanamke hakai, kwa hiyo akanasa pale alipopata pa kukaa. Na Ayubu hajui. Faili lilipanda, simu ikajisafisha, Jumapili tukamchukua. Amekuwa akitusukuma tukasikilize kitu ambacho yeye mwenyewe hajakisikia."

Waliifunga kompyuta namba mbili kwa lakiri ya polisi. Bi Semeni alipewa hati ya kukamata mali, akaisoma mpaka mwisho kabla ya kutia sahihi, na kuuliza itarudi lini.

Saa nane mchana Dorkasi alipiga hodi nyumbani kwa Mastura, Chumbageni, mitaa miwili kutoka studio iliyoungua. Mathew aliambiwa abaki nje ya mlango. Mastura alikuwa ukumbini, ameketi mkekani, anachagua mchele kwenye ungo. Alimwona mgeni, akasogeza ungo pembeni.

"Karibu, afande. Kaa hapo kitini."

Dorkasi alikaa mkekani. "Nimetoka Mabawa, kwa bi Semeni."

Mastura hakuuliza Semeni yupi. Alifuta mikono kwa kanga, akafungua pindo lake lililokuwa limefungwa fundo, na kutoa flashi ndogo nyeusi. Aliishika kiganjani bila kuinyoosha.

"Ningelifuta kule juu kabisa," alisema. "Ukifuta wanatuma namba kwenye simu yake, na simu mnayo ninyi. Nikaona yale maandishi mekundu. Nikamalizia ile moja."

"Na hii kwa nini hukuitupa?"

"Nitupe wapi, afande?" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Mle mna watoto wa watu. Mna bibi harusi analia, mna wanawake wanaimba ya chumbani. Nikitupa jalalani itaokotwa na vijana, itasambazwa mji mzima. Hata kuivunja nimeogopa nisivunje vibaya. Nimeifunga hapa tangu Jumanne, nalala nayo."

"Sauti iliyo karibu na simu ni ya nani?"

"Ya wifi yangu. Khadija."

Dorkasi alifungua daftari, kisha akalifunga tena na kuliweka mapajani. Kulikuwa na jambo la kusemwa kwanza, na kwa haki lilipaswa kusemwa hata kama lingemkosesha maelezo.

"Mastura, nisikilize. Wewe ni mkewe. Sheria haikulazimishi kusema kitu juu ya mumeo. Ukinyamaza sasa hivi, nitachukua flashi, nitakwenda zangu, na hakuna atakayekuuliza tena."

"Na mzee Yona?"

"Mzee Yona yuko hospitali. Vidole vya mkono wa kulia huenda visikunjuke."

"Nilikwenda kumwona jana," Mastura alisema. "Mkewe ananishukuru kwa uji. Ananishukuru mimi." Aliifumbata flashi. "Mimi nilikwenda kule kumtoa mume wangu, afande. Nilikuwa nimeshapanga mpaka nitakachompikia."

"Najua. Na mimi nilikwenda kumtoa."

Mastura alimtazama kuona kama ni kweli, akaona ni kweli. Aliweka flashi kwenye kiganja cha Dorkasi na kumfunika vidole.

"Isipite kwa askari wanaume. Na mahakamani, wasiicheze mbele za watu."

"Nitaomba isikilizwe ndani, kwa faragha. Siwezi kukuahidi jibu la hakimu, naahidi kuomba."

"Basi andika."

Dorkasi alifungua daftari na kuandika tarehe, mahali na saa. "Jumamosi alirudi saa ngapi?"

"Haikufika saa kumi na moja. Nikaona ajabu, maana Moa si karibu. Akasema wamemaliza mapema."

"Alikuwa katika hali gani?"

"Ya kawaida. Aliomba maji ya kuoga." Mastura alivuta ungo, akaokota chuya moja na kuiweka kando. "Shati lilikuwa linanuka petroli. Akaniambia jenereta ya harusi imemmwagikia. Nikamwonea huruma. Nikalifua palepale, harufu ikagoma, nikalirudia kwa sabuni ya kipande. Nilipolianua nikalifukiza udi, ile ya kutoka kwa mama yangu, ninayoweka kwa ajili ya Idi."

"Shati hilo liko wapi sasa?"

"Mnalo ninyi," Mastura alisema. "Jumapili mlipokuja kumchukua alikuwa amelivaa. Leo asubuhi amepita karibu na kaunta, nikalisikia. Bado linanukia udi."